Mtukufu Bado Anasikiliza

Nchi ninayoisimulia huijui, msomaji, na ukiona inafanana na unayoijua, lawama ni yako kwa kuwa na macho. Mimi niliajiriwa huko nikiwa kijana, katika Maktaba ya Taifa, nikapewa Chumba cha Sauti, chumba cha nyuma kisicho na dirisha la nje, chenye kanda za zamani na mashine moja ya kuzichezesha. Jina langu ni Ngoda. Sina wivu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa kule walipenda kunizushia.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja kubwa, na nyingine zote zilikuwa watoto wake: mtu asimtangulie aliye juu yake. Kiongozi wetu aliitwa Mtukufu Asiyetanguliwa. Gazeti lilichapwa nakala moja alfajiri, likapelekwa kwake. Akishalisoma, walisoma mawaziri, kisha makatibu wakuu, kisha wakuu wa mikoa, ndipo mitambo ikaruhusiwa kuchapa za wananchi. Tulikuwa tukionywa juu ya mafuriko huku tunaanua nguo zilizokwisha kauka. Hatukulalamika, kwa kuwa aliyelalamika alihesabiwa kuwa amewatangulia wakubwa wake kulalamika, na hilo lilikuwa na adhabu yake.

Basi, nilipokuwa nimeshazeekea humo, Mtukufu akaenda ziara nchi jirani. Wenyeji, kwa ukarimu tu, wakamwonyesha maktaba yao. Hawakumwonyesha makabati. Walimkalisha mbele ya kompyuta wakamwambia achague. Barua za mababu, picha za arusi za zamani, ngoma, hadithi, vyote vilikuwamo, na mtu yeyote aliyeko popote aliweza kuvisoma na kuvisikia. Wakamweleza kwamba vimehifadhiwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, nakala huku na nakala kule, hata maktaba ikiungua hakipotei kitu. Na programu inayoviendesha ilikuwa huria. Iliandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, ikaachwa wazi, anayetaka anaichukua, anaibadilisha, anaitumia. Mtukufu akauliza ni nani aliyekatazwa kuichukua. Wakamwambia hakuna. Akauliza mara ya pili, safari hii kwa sauti ya chini, na jibu likawa lile lile.

Alirudi nyumbani hataki kula. Kesho yake redio ikatangaza Wivu wa Taifa. Kila familia ilitakiwa kuona wivu mbele ya balozi wa mtaa wake, na jirani yangu mmoja alipewa onyo la maandishi kwa kuona wivu mkali kuliko wa diwani. Mimi ofisini nilipewa wivu wa daraja la kati, unaokufaa ukiwa na cheo changu, nikauvaa siku nzima.

Haukupita muda akaja Waziri wa Utangulizi, Mheshimiwa Kipwele, akatukusanya watumishi wote wa maktaba.

"Ndugu zangu," akasema, "jirani ana wingu. Sisi tutakuwa na wingu, na lake litalitazama letu kwa chini. Na asitokee mtu wa kuangaza macho angani kunitia aibu, nimeshaelezwa kuwa ni kompyuta."

Tukapiga makofi kwa mpangilio wa vyeo. Mimi nilifikiwa na zamu ya kupiga wakati waziri alishaingia garini.

Aliyepewa kazi alikuwa Injinia Nyamizi, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliyefika na kompyuta yake kwenye mfuko mmoja na maandazi. Akaipakua ile programu huria, akakodi nafasi ya kuhifadhia, na kabla chai aliyoandaliwa haijapoa, maktaba yetu ilikuwa tayari kupokea mikusanyo yake. Kilichobaki kilikuwa kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda zangu.

Hapo ndipo nilipoanza kulala vibaya. Katika kanda zote za chumba kile, moja ndiyo iliyokuwa kanda, nyingine zilikuwa hotuba. Ilikuwa ya Bi Zamzam binti Mkadara, mwanamke wa mji ule ule wa maktaba, aliyeimba kwenye arusi na ngoma za akina mama na akafariki angali kijana. Wimbo wake uliorekodiwa ulikuwa mmoja tu, mfupi, muda wa kuchemsha yai. Alimwimbia mwanamume fulani anayemfungia mke ndani na kwenda zake na ufunguo:

*Umefunga mlango, ufunguo umetia mfukoni,
Umesahau, bwana wee, sauti haikai chumbani.*

Huyo bwana alikuwa nani sijui. Mimi kila mchana, nikishamaliza kula, nilifunga mlango wa Chumba cha Sauti, nikatia ufunguo mfukoni, nikamsikiliza. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ina mkwaruzo mwanzoni kisha inafunguka. Nilimpenda. Silifichi hilo. Sikuoa, na watu waliponiuliza sababu niliwaambia kazi nyingi.

Alikuwapo mwanamke mmoja, Mize, fundi cherehani wa karibu na soko, aliyekuwa akinijia kila Alhamisi kwenye kidirisha cha huduma. Kilikuwa na kioo chenye tundu dogo chini, na yeye alizungumza kwa chini sana, kama mtu anayeogopa kupayuka, hivi kwamba nusu ya maneno yake niliyakisia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Ile kanda ya mama yangu, mzee wangu. Naomba niisikie hata kidogo. Aliniacha mchanga, sijui hata sauti yake ilikuwaje."

"Mkutubi Mkuu hajaisikiliza hiyo kanda, mama. Ukiisikiliza wewe utakuwa umemtangulia."

"Basi na yeye aisikilize."

"Hapendi muziki. Subira huvuta heri, mama."

"Subira ninayo. Masikio ndiyo yananiaga." Akanieleza kwamba sikio la kulia limekwisha kufa, na daktari amemwambia la kushoto linafuata, hakuna dawa.

Nilimwambia arudi Alhamisi. Ningeweza kumfungulia mlango, akakaa kwenye kiti changu, akasikiliza, akaenda zake. Lakini angekuwa amekaa kwenye kiti changu.

Nyamizi alipokuja kuihamisha ile kanda nilikaa katikati yake na spika, kama shangazi wa bibi arusi, na sauti nikaipunguza mpaka mwisho.

"Mzee Ngoda, nitajuaje kama inarekodi vizuri?"

"Tazama hiyo mistari inavyocheza kwenye kioo cha kompyuta."

Akaitazama mistari, akanitazama na mimi. "Huyu mama alikuwa nani yako?"

"Mali ya taifa," nikamjibu.

Kazi ilipokamilika, Mheshimiwa Kipwele akaja kukagua. Nyamizi akamwonyesha jinsi ya kubonyeza.

"Na anayeweza kubonyeza ni nani?" waziri akauliza.

"Yeyote, mheshimiwa. Hata watu milioni kwa pamoja."

"Mimi na mpishi wangu kwa pamoja?"

"Ndiyo."

"Na anaweza kumaliza kabla yangu?"

"Ukiusimamisha wimbo upokee simu, ndiyo, atamaliza kabla yako."

Waziri akatafuta kiti. Akaletewa maji, akanywa, akavuta pumzi. "Umesema programu hii ni huria. Inabadilishika?"

"Inabadilishika, mheshimiwa. Hata kwa ubaya."

"Ibadilishe."

Ndivyo ilivyozaliwa Foleni ya Kitaifa. Nyamizi aliandika mistari michache ndani ya ile programu, na tangu hapo kila kitu kwenye wingu letu kikawa na msikilizaji mmoja kwa wakati mmoja. Wa kwanza Mtukufu. Akishafunga, anafuata Waziri wa Utangulizi, kisha mawaziri wengine, makatibu, majenerali, wakuu wa mikoa, tausi wa bustani ya Ikulu, na baada ya tausi, wananchi. Tulikodi nafasi ya kutosha dunia nzima kusikiliza, tukaiwekea kiti kimoja.

Masharti ya programu yenyewe yalisema anayeibadilisha na kuitumia na watu ayaache mabadiliko yake mahali pa wazi, wengine wayaone. Nyamizi alidhani waziri atakataa. Waziri akafurahi sana. "Wayaone," akasema. "Waone wivu na wao." Ilihitajika pia jina la msimamizi, mtu mwenye ruhusa ya kukubali au kukataa marekebisho yanayoletwa. Wakubwa wote walikataa majina yao kukaa kwenye kitu cha bure, kwa hiyo likaandikwa langu.

Kisha wakaja vijana wa Ikulu na gari. Kwa kuwa sheria haikuruhusu sauti moja kusikika mahali pawili, mashine yangu iling'olewa na kanda zote zikaenda kufungiwa kwenye ghala la Ikulu. Nilisaini. Nilimwona Bi Zamzam akipandishwa garini ndani ya boksi la sabuni, juu yake wameweka jeki. Siku hiyo sikula mchana, nilikaa mbele ya meza tupu nikauchezesha ufunguo.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani. Ilitakiwa sauti ya kufungulia, na ile isiyokuwa hotuba ilikuwa moja tu. Mtukufu akavikwa spika za masikioni, akabonyeza, na taifa zima likakaa kumtazama anavyosikiliza. Alitikisa kichwa mara mbili. Yai likaiva, wimbo ukaisha. Mtukufu hakuzivua zile spika. Bendi ilikuwa imeshika matarumbeta, ikayashusha, ikayashika tena. Mwishowe alitembezwa hadi kwenye gari akiwa nazo masikioni, macho ameyafumba nusu, na mimi niliyajua macho yale, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyafumba kila mchana kwenye chumba changu.

Tangu siku hiyo, kila mwananchi aliyeingia kwenye wingu la taifa alikuta maneno haya: Mtukufu bado anasikiliza. Magazeti yakausifu usikivu wake. Shule zikatunga ngonjera. Mvua zikaja, zikanyesha, zikapita, Mtukufu bado anasikiliza. Mheshimiwa Kipwele, wa pili kwenye foleni, alishinda mezani kwake na spika za masikioni amezitundika shingoni, hathubutu hata kwenda msalani. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na waziri alikonda mpaka shati likawa linamning'inia. Nilifurahi kumwona hivyo, kisha nikaona suruali yangu mwenyewe nimeifunga kwa kamba.

Mize aliendelea kuja. Sasa alikuwa akiinama na kulitega sikio la kushoto kwenye lile tundu la kioo, nami nikimpigia kelele.

"Mzee wangu, na yeye akimaliza, mimi nafuata baada ya nani?"

"Baada ya tausi."

"Tausi wenyewe wako wangapi?"

"Sijui, mama. Wanataga."

Akaniambia kwamba siku hizi cherehani yake haisikii tena, anaijua kuwa inafanya kazi kwa kuigusa. Kisha akashukuru, akaondoka. Nyamizi alikuwa nyuma yangu akinywa chai, akaweka kikombe chini.

"Vaa koti, mzee," akaniambia. "Tunakwenda Ikulu."

Aliwaambia walinzi kwamba mtambo unahitaji kukaguliwa, wakatupitisha. Tulimkuta Mtukufu barazani kwenye kiti cha kunesa, spika masikioni, tausi wawili wakimzunguka. Alikuwa anatabasamu peke yake. Nyamizi akapiga goti nusu.

"Mtukufu, naomba uufunge wimbo mara moja tu, tuone kama unafungika."

"Nikiufunga unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mheshimiwa Kipwele."

"Basi haufungiki." Akanigeukia. "Wewe ndiye mzee uliyekuwa ukimtunza?"

"Ndiye mimi, Mtukufu."

"Alikuwa akikuimbia?"

Nilisema hapana.

"Vizuri," akasema. "Maana ananiimbia mimi. Kipwele simpendi na masikio yake yale, atamsikiliza vibaya."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Nilikuwa nayo moyoni miaka yote, neno kwa neno, na sasa yalikuwa yanasemwa na mtu mwingine, kwenye kiti kinachonesa, mbele ya tausi. Nilimwelewa mtu yule kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo nilimchukia.

Nyamizi akasema kwamba marehemu ana binti, na binti anapoteza masikio.

"Binti?" Mtukufu akashusha mguu. "Wa nani?"

"Wa kwake na mumewe."

"Alikuwa na mume," akasema taratibu, akiwatazama tausi. Kisha akamwita katibu, akamwagiza huyo binti arudishwe nyuma kwenye foleni, baada ya vifaranga ambao hawajaanguliwa.

Tulirudi maktaba. Nyamizi alifungua kompyuta yake kwenye meza yangu, nadhani ili asinitazame, na ndipo alipokuta ujumbe umetufika kutoka nchi jirani. Umeandikwa na mkutubi wao mmoja aitwaye Wakesho, ambaye alikuwa ameiona programu yetu pale tulipoianika ili waionee wivu. Akanisomea.

"Ndugu zetu wapendwa, hongereni kwa kazi. Nimepitia mabadiliko yenu nikaona kuna kasoro ndogo: kila sauti inasikilizwa na mtu mmoja tu. Bila shaka mlikuwa na haraka, na sisi yalitupata mengi mwanzoni. Nimeirekebisha, ni mistari michache. Mkiona inafaa, ikubalini. Msalimieni Mtukufu."

"Kasoro," nikasema.

"Ameiita kasoro. Hakuweza kufikiria kuna mtu angeifanya kwa makusudi." Akanisogezea kompyuta. "Mimi sina ruhusa ya kukubali. Jina ni lako."

Napenda kuandika hapa kwamba nilimfikiria Mize. Ingekuwa vizuri kwa hadithi na kwa kaburi langu. Nilimfikiria Mtukufu barazani, tabasamu lake na kile kiti. Nilijisemea: kuliko awe wa huyu peke yake, na awe wa kila mtu, hata wa wachuuzi, hata wa wezi. Husemwa hasidi hana sababu, lakini mimi nilikuwa nayo na ilikuwa inanesa. Nikabonyeza kukubali.

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Wa kwanza kumsikia, nadhani, alikuwa mpishi wa Mheshimiwa Kipwele, kisha vinyozi, kisha akina mama waliokuwa foleni ya kliniki, kisha mashine za kusaga zikazimwa mji mzima ili watu wasikie. Mheshimiwa Kipwele naye alimsikia, na wanasema alilia mpaka akaazimwa leso na yule mpishi. Mtukufu barazani aliona mtunza bustani wake anakata ukoka huku anaimba. Akavua zile spika, akawatupia tausi, akaagiza aletewe kanda za hotuba zake mwenyewe.

Mimi nilisubiri polisi. Badala yao ilikuja taarifa ya serikali, imesomwa na waziri kwa sauti yenye mafua. "Uchunguzi umebaini kwamba wananchi wote walisikiliza kwa pamoja. Wanaosikiliza kwa pamoja hakuna aliyemtangulia mwenzake. Kwa hiyo sheria yetu imetekelezwa siku hii kuliko siku yoyote iliyopita, na serikali inajipongeza." Nchi jirani ikatumiwa salamu za kuwaeleza kwamba sasa waone wivu. Wao wakajibu kwa kutupongeza.

Mimi ndiye niliyeadhibiwa, na aliyeniadhibu alikuwa Bi Zamzam mwenyewe. Nilimkuta kila mahali. Muuza nyama alimpigia mluzi huku anakata utumbo. Makondakta walimkatisha katikati ili waite abiria. Nilipita mjini nimeziba masikio kwa vidole, na roho inaniuma kama ya mwanamume aliyeachwa hadharani.

Alhamisi Mize akaja. Nilimwitikia marahaba, akawa bado ananisubiri niitikie, ndipo nikajua kuwa hanisikii. Alinionyesha simu yake, ndogo, sauti yake hafifu mno kwa sikio lililobaki, kama lilibaki. Nyamizi alishafungua mlango. Mwanamke akapitishwa hadi Chumba cha Sauti, akakaa kwenye kiti changu. Nyamizi akamvisha spika kubwa za masikioni, akapandisha sauti mpaka mwisho, na mlango tukauacha wazi kwa sababu chumba kilikuwa na joto.

Mara ya kwanza hakusikia kitu. Alizikandamiza zile spika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mfuniko wa sufuria.

"Kama kuna mtu chumba cha pili," akasema.

Tukamrudishia. Tukamrudishia tena. Katikati ya wimbo uso wake ukabadilika, akanitazama.

"Ndiye?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaanza kumfuata mama yake, kwanza kwa midomo, kisha kwa sauti, na kama walivyo watu wasiojisikia, aliitoa yote. Wasomaji ukumbini wakageuka. Niliinuka kwenda kumnyamazisha, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nikafika mlangoni nikasimama. Ilikuwa nzito kidogo, ina mkwaruzo mwanzoni, kisha ikafunguka. Ilikuwa sauti ile ile. Haikuwa na kelele za kanda, haikuwa ya marehemu, ilikuwa inatoka kwa fundi cherehani niliyekuwa nikimwambia arudi Alhamisi. Mwaka mzima ilikuja kwenye kidirisha changu ikanong'ona kupitia tundu la kioo, na mimi nilikuwa na haraka ya kuifunga huduma nikasikilize kanda.

Alimaliza. Akavua zile spika, akazifuta jasho kwa ncha ya kanga, akaziweka mezani vizuri. Akamshika Nyamizi mkono, akanishika na mimi, akatushukuru kwa kunong'ona kama siku zote, akachukua mkoba wake.

"Mama," nikamwambia, "naomba uimbe tena. Mara moja tu."

Alikuwa ameshageuka. Nilimfuata hadi kwenye ngazi, nikamwomba tena, kwa sauti kubwa, watu wote wakisikia. Aliniona midomo inacheza. Akaligusa sikio lake la kushoto, akatikisa kichwa kuniomba radhi, akashuka ngazi kurudi kazini kwake.